Aliyevusha Gari Jangwani

Katikati ya Mtaa wa Msimbazi gari liliishiwa nguvu. Azza alikanyaga mafuta mpaka mwisho, injini ikakohoa kama mgonjwa wa pumu, ikazima.

"Si nilikwambia usikanyage hivyo!" alifoka mumewe, yuko ndani ya kanzu nyeupe ya kwenda kumwozesha binti yao. "Shehe yuko Upanga ananisubiri mimi!"

Nyuma honi zililia. Wasukuma mikokoteni wakajaa dirishani, na mumewe akapata wa kuwasimulia.

"Jana nimelivusha mwenyewe hili hili kwenye mafuriko ya bonde la Jangwani, wala halikuzima. Leo kashika yeye, mnaona?"

Tangu alfajiri Azza anamsikiliza: chai imepoa, kanzu haikunyooka, singlendi yake mpya ya kuvaa ndani ya kanzu kaipoteza nani. Akashuka, akafungua boneti.

Mdomo wa bomba la kuvutia hewa ulikuwa umezibwa kwa kitambaa kilichofungwa na mpira, kama anavyoziba mtu anayeogopa maji yasiingie kwenye injini. Kumbe mumewe hakukumbuka kukitoa baada ya kuvuka. Azza akakivuta. Kikatoka kimejaa vumbi na grisi. Akakikung'uta, akakikunjua mbele ya watu: matundu mawili ya mikono, shingo, na lebo ya dukani bado haijatolewa.

"Mama wee," akaguna msukuma mkokoteni mmoja.

Ndani ya gari mumewe alikuwa bado anaongea. Azza akazunguka mpaka upande wake, akamtupia ile singlendi mapajani, juu ya kanzu nyeupe.

"Vaa," akasema. "Shehe anasubiri."