Cherehani Barazani

Fundi aliikuta cherehani yake nje barazani, imefunikwa kitambaa kipya cha dukani. Tangu ujana wake alishonea kwenye baraza la duka hilo la vitambaa, na kila jioni mwenye duka alimsaidia kuiingiza ndani.

Leo mlango ulikuwa na kufuli.

"Wamepakia lori alfajiri," alisema muuza viatu wa jirani, bila kumtazama. "Mtu akiambiwa kila siku arudi kwao, mwisho anachoka."

"Kwao wapi, kaka? Baraza hili kalijenga babu yake. Babu yako ndiye aliyemkandia udongo."

Muuza viatu akaendelea kupanga viatu ambavyo vilishapangwa.

Fundi akafunua cherehani. Chini ya sindano palikuwa na sare ya shule ya binti wa mwenye duka, vilevile alivyoiacha jana, imebaki pindo tu. Akavuta kiti, akaketi.

"Sasa hiyo nani atakuja kuichukua?" jirani akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

Fundi alikunja pindo pana, vidole vinne vizima, la kuteremshwa mtoto akikua, akaanza kukanyaga.