Sita kwa Sita

Mhandisi alikataa kiti alichopewa. Alisema hakai benchi moja na fundi.

Basi akasimama mbele ya kamati ya uchunguzi, suti imemkaa sawasawa, akieleza kwa nini jukwaa la uwanjani alilolichora yeye lilibinuka na kumwaga watu thelathini. Watatu walikuwa bado hospitalini, na mwenye kosa angepelekwa mahakamani. Mwenye kosa, alisema, ni huyo hapo. Akamwonyesha kwa kidevu fundi aliyelijenga, mzee mkimya, mkono wa kulia kwenye plasta.

"Namjua. Ujanani tulipanga chumba kimoja. Mimi nilitoka mle na cheti, yeye akatoka na nyundo."

Wajumbe wawili wakacheka. Mwenyekiti, mama mwenye miwani, hakucheka. Alimwomba mhandisi apige hesabu ubaoni: watu walipojazana kwenye ncha ya mbele, kila egemeo la boriti lilibeba kiasi gani?

Mhandisi akaguna kwamba hakuja kufundisha chekechea. Hata hivyo aliishika chaki kwa ncha za vidole, kama anaokota panya aliyekufa, akachora boriti: mita nne kati ya egemeo la nyuma na la mbele, mita mbili zikitokeza nje, na mzigo wa kilonyutoni kumi na mbili kwenye ncha. Chini ya kila egemeo akaandika sita.

"Mzigo kumi na mbili, maegemeo mawili. Sita kwa sita. Hata mpishi wangu anajua kugawanya."

Mwenyekiti akamwuliza fundi kama ana la kusema. Mhandisi akadakia kuwa wasijisumbue, hesabu za huyo zinaishia kwenye misumari.

Fundi akainuka, akashika chaki kwa mkono wa kushoto. Tarakimu zake zilikwenda upogo. Alipima umbali kutoka egemeo la mbele: mzigo uko mita mbili upande huu, egemeo la nyuma mita nne upande ule. Kumi na mbili mara mbili, gawa kwa nne. Egemeo la mbele likapata kumi na nane. La nyuma likapata sita, nayo akaitangulizia alama ya kutoa.

"La nyuma halikubeba kitu, mama," alisema. "Lilitakiwa kuivuta boriti chini. Bila bolti, inanyanyuka. Niliomba bolti nne, mhandisi akaniambia nifuate mchoro wake."

Mhandisi akasema kasuku wake nyumbani naye anaongea. Mjumbe mmoja alipouliza alikosomea, fundi alijibu kuwa alisoma zamani, ila hana karatasi ya kuonyesha, na bila karatasi hakuna ofisi iliyompokea.

Mlango ukafunguliwa. Karani aliyetumwa chuoni kuhakiki cheti cha mhandisi alikuwa amerudi na bahasha. Chuo kilikuwa kimeitafuta namba ya cheti hicho kwenye daftari la wahitimu, kikatoa kumbukumbu zake.

"Ifungueni hapa hapa," mhandisi alisema, akiangalia saa. "Huyu naye aone mtu aliyesoma anafananaje."

Mwenyekiti akatoa picha ndogo ya mhitimu. Akaitazama, akamtazama mhandisi, akaitazama tena. Kisha akamgeukia fundi.

"Baba," alisema taratibu, "picha hii ulipiga mwaka gani?"