Mbuzi ya Kukunia Nazi

Siku hizo watoto wote walichomwa sindano ya kurefusha, yenye kimeng'enya kilichorefusha mifupa ya panya maabarani. Wakawa warefu kama milingoti, ila gegedu za magoti zilikakamaa, wasiweze kuchuchumaa wala kukalia mbuzi kukuna nazi. Mtaa mzima ukahamia tui la kopo.

"Mwanao atachekwa kwa ufupi, Bi Mwanamvua," nesi alisema, ameinama mlangoni.

"Acha achekwe! Raya wangu hachomwi ng'o. Atakaa kwenye mbuzi akune nazi kama bibi yake."

Nesi akatabasamu tu, akaenda zake.

Raya akachukua kizio cha nazi, akajaribu kuketi kwenye mbuzi. Magoti yakagoma.

"Walishanichoma shuleni wiki jana, mama. Walisema umekubali."

Mwanamvua akaipandisha mbuzi mezani, akaikandamiza kwa mikono miwili.

"Basi utakuna umesimama," alisema. "Lakini utakuna."