Mchimba Kaburi wa Dunda

Darasa zima lilijua kuwa Bwanaheri peke yake ndiye aliyeutazama mchezo wa nyimbo pale Dunda usiku uliopita, tangu mwanzo hadi pazia kufungwa, bila hata kope kumcheza. Lilijua kwa sababu alilitangazia mwenyewe tangu asubuhi.

Basi mwalimu alipowataka wachague mada ya insha kuhusu mchezo huo, wa mchimba kaburi anayewaua maharusi na kuwazika huku akiwaimbia, Bwanaheri akasimama wa kwanza.

"Mada yangu, mwalimu: Muuaji Asiyetisha Hata Kuku."

Darasa likaangua kicheko.

"Badilisha," mwalimu alisema. "Wewe andika kuhusu hofu."

Damu ikampanda Bwanaheri. Kofia ya kaka yake, iliyomzidi, ilimshuka masikioni. Akaisukuma juu kwa hasira.

"Hofu waandike walioogopa. Mimi nilikaa mkeka wa mbele. Yule mtu kajipaka masizi tu, na sauti yenyewe ya mbuzi. Kunipa mada ya waoga ni kunidhalilisha mbele za wenzangu, na siandiki."

Mwalimu alikaza taya. Akavuta mtoto wa meza, akatoa kofia ya viua, yenye vitundu vilivyodariziwa, ile ambayo mama yake Bwanaheri aliishona Ramadhani nzima kwa uzi wa kijani.

"Hii ilibaki kwenye mkeka wa mbele," akasema. "Ndiyo kwanza nilikuwa nimetokeza na jembe. Hata kuimba nilikuwa sijaanza."

Mwalimu alipogeukia ubao kuiandika ile mada ya hofu, Bwanaheri akayaona masizi nyuma ya sikio lake.