Kadi za Boksi la Biskuti

Shemasi Eteuati aliinama hadi magoti yakalia ko, akainyakua kadi iliyokuwa katikati ya mkeka.

"Na huu upuuzi ndio nini?"

"Mkunga, babu!" watoto sita wakaitikia kwa pamoja.

"Mkunga? Mbona hana macho?"

Losa, mjukuu wa Fuatino, mwenye miaka mitano na mapengo manne, alimwonea huruma. "Si mkunga yule samaki wa kula, babu. Ni herufi. Kajipinda hivi, halafu anasema sss."

"Sss," shemasi alikejeli, midomo kaibinua. "Makubwa! Kijiji kitajengwa kwa sss." Akaitia kadi mfukoni, akachukua mwavuli wake.

Ilikuwa kadi ya tisa wiki hiyo.

Bibi Fuatino alimsindikiza kwa macho, kisha kwa mdomo. "Nenda, baba. Na mvua ikinyesha usifungue huo mwavuli, huenda ikakuosha kichwa."

Kadi Fuatino alizikata mwenyewe, kwa maboksi ya biskuti waliyogawiwa waombolezaji kwenye msiba wa Sieni, mke wa shemasi. Mchezo ulikuwa mwepesi: kadi zinalazwa kifudifudi, moja inafunuliwa, na anayewahi kuipiga kofi na kutoa sauti yake ndiye anayeichukua. Anayeshindwa anacheza kama kuku anayetaga. Majina ya herufi waliyatunga watoto kwa kutazama sura zake: Beseni, Jembe, Nazi. Wakubwa hawakuyajua wala hawakutaka kuyajua.

Maana wakubwa wa kijiji kile kusoma kwao kulikuwa kukariri. Kila Oktoba, Jumapili ya Watoto, mtoto huvikwa nyeupe pepepe, husimamishwa mbele ya kanisa, hutapika aya aliyoshindiliwa mwezi mzima, kisha huenda kula. Mwaka uliopita Losa alisahau katikati. Shemasi alimshusha jukwaani kwa kumshika sikio, na mwalimu wa shule akasema mtoto huyo ni kibuyu kitupu. Siku hiyo Fuatino aliapa: mwaka huu Losa hatakariri hata nukta. Atasoma.

Na sasa yalikuwa yamebaki majuma matatu tu kufika Oktoba, na kadi zilikuwa zinaisha.

"Jumapili hii, nikishamaliza somo, nitatangaza," shemasi alikuwa ameonya. "Kadi ni kamari, hata zikichezwa na malaika."

Akitangaza yeye, baraza la wazee hupiga muhuri. Baraza likipiga muhuri, hakuna mama atakayemleta mtoto wake kwa Fuatino tena.

"Anajua nini kuhusu kusoma, yule?" Fuatino alimwambia binti yake Ruta, akikoroga kakao kwa hasira hadi ikamwagika. "Zamani, sawa, alikuwa anatiririka kama mto, macho kayatupa juu darini, hakwami hata mara moja. Lakini tangu Sieni afe? Miezi miwili, zaburi ileile! Kila Jumapili!"

"Ni majonzi, mama. Sieni alikuwa kila kitu kwake. Hata somo la Jumapili walikuwa wanalipitia pamoja, Sieni akisoma kwa sauti, juma zima."

"Majonzi! Uvivu huo umevaa nguo nyeusi."

Jumamosi shemasi alikuja tena. Akasimama juu ya mkeka kama mtoza kodi.

"Na huyu mwenye tumbo?"

"Mjamzito!" Losa akajibu. "Anasema p, p, p, kwa sababu anahema."

"Mjamzito! Mbele ya watoto!" Shemasi alikunja uso. "Anahemaje?"

"P."

"Aibu tupu." Akaitia mfukoni. Zikabaki kadi mbili mkekani, na kwa kadi mbili hakuna mchezo.

"Chukua na mkeka basi!" Fuatino akamfokea. "Chukua na nguzo za nyumba! Mwizi mkubwa wa vitu vya watoto!"

Hakugeuka. Alikuwa anatembea akihema kwa midomo, p, p, kama mzee aliyechoka.

Jumapili Fuatino alikaa benchi la mbele, Losa ubavuni, kipepeo cha kujipepea mkononi. Alikuwa ameshapanga maneno ya kumjibu shemasi mbele ya watu wote, na hayakuwa maneno ya kanisani.

Shemasi alipanda mimbari. Hakufungua Biblia penye zaburi ileile. Alifungua mbali kabisa, mwishoni mwishoni, akaweka kidole kwenye ukurasa.

Kidole kikatambaa, kikarudi nyuma, kikatambaa tena.

Kisha akatamka neno moja. Akatua. Akatamka la pili, kwa shida, kama anayevuta ng'ombe topeni. Vijana wa kwaya wakaanza kuminyana mbavu.

"Kalewa?" Ruta alinong'ona.

"Afadhali angekuwa kalewa," Fuatino alijibu, akificha kicheko nyuma ya kipepeo. "Mto umekauka, mwanangu! Ona, mawe yote nje." Alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia kwa miezi. Nani atamsikiliza kiumbe huyu akitangaza?

Jasho lilimtiririka shemasi hadi kolani. Akakwama kabisa. Akainamia kitabu mpaka pua ikakaribia karatasi, na kipaza sauti kikamnasa akinong'ona peke yake:

"Beseni... mjamzito... beseni..."

Kanisa likalipuka. Kina mama walijifunika mitandio, kina baba walipiga magoti yao, na hata mchungaji aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Kipepeo cha Fuatino kilisimama hewani.

Kando yake Losa alikuwa ameshajua neno, ameshainuka, mdomo wazi. Fuatino alimvuta chini na kuuziba kwa kiganja.

"Usimtajie," alisema. "Hilo analiweza."