Kutu ya Zuwena

Profesa Mbwilo alisoma kichwa cha tasnifu akacheka, kiganja mdomoni kama kawaida yake.

"Kutu? Miezi minane kwenye kompyuta ya chuo, binti, unahesabu kutu? Andika 'oksidi ya chuma', la sivyo sitii sahihi."

"Sibadilishi, Profesa," alisema Zuwena. "Mama yangu ataisoma."

Akabonyeza kitufe. Kwenye skrini, punje ya kutu, ndogo kuliko vumbi, ikaanza kuzunguka katika mfano wa maji ya kisima cha mji wao. Chembe za floraidi, ile inayoyatia meno ya wenyeji rangi ya kahawia, zikaing'ang'ania moja baada ya nyingine, mpaka maji yakabaki safi.

"Ndiyo hiyo kutu. Sahihi yako kaa nayo."

Profesa aliinamia skrini. Kiganja kikamtoka mdomoni, na mwanga ukaangukia meno yake ya kahawia.