Funda la Kwanza

Serikali mpya ilipoitwaa nchi ile, ilipiga marufuku pombe mji mzima, ikampa kibali cha kuipika mwanamke mmoja tu, Nyamizi. Kalunde, aliyemfundisha kupika, alikaa barazani kwake akiwatazama wateja wake wa zamani wakijaa kwa jirani yake huyo, wivu ukimkereketa moyoni.

Lakini hakuna aliyekunywa. Desturi yao ni mpishi aonje kwanza, watu waone haina sumu, na sheria mpya ilimkataza mwenye kibali kuonja pombe yake. Askari alikuwa amesimama palepale mlangoni.

"Dada Kalunde," Nyamizi aliita, kibuyu mkononi, "njoo uonje wewe. Wewe wanakuamini."

"Leo ndiyo umenikumbuka, mdogo wangu?"

"Nisitiri, dada. Itaharibika yote."

"Onja basi, mama," mzee mmoja alidakia, "koo zimekauka!"

Kalunde akavuka, akapokea kibuyu, akapiga funda. Ilikuwa tamu kuliko yoyote aliyowahi kupika yeye. Wanaume wakamkazia macho kooni. Naye akabaki na funda lile mdomoni, mashavu yamejaa, hajameza wala hajatema.